Dozi ya Wawili

Kipande chenyewe hakikuwa kikubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Kilikuwa cha ndizi ya kuchemsha, laini, ambayo mtoto wa miezi tisa angeweza kuiponda kwa fizi kama angetulia. Lakini Atupele hakutulia. Alicheka, akavuta pumzi huku anacheka, na kicheko kikakatika katikati.

Subilaga, mama yake, alikuwa uani anaanua nguo, maana ukungu ulishaanza kuteremka kutoka mlimani. Hakusikia kelele yoyote. Kilichomshtua ni kimya. Akachungulia dirishani, akamwona mwanawe ameketi mkekani macho yamemtoka pima, midomo inageuka zambarau. Hatua mbili tu kutoka hapo, juu ya kigoda, Gwakisa mumewe alikuwa akimenya ndizi nyingine. Alikuwa anamwangalia mtoto. Alimwangalia kwa upole kabisa, kisu mkononi, kama mtu anayetazama mvua ikinyesha.

Nguo zikabaki matopeni. Subilaga hata baadaye hakukumbuka alipitaje mlangoni. Alimlaza mtoto kifudifudi juu ya paja, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja, moja, mbili, tatu, nne. Pigo la tano kipande kikaruka, na Atupele akaangua kilio. Mama yake hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile.

"Naona kimetoka," alisema Gwakisa.

Subilaga alimkumbatia mtoto hadi akahisi moyo wa yule mdogo unadunda juu ya wake. "Baba Atupele, ulikuwa unamwona?"

"Nilimwona."

"Ulimwona amekabwa ukaendelea kumenya ndizi?"

Gwakisa alifikiri, kwa uaminifu kabisa, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali asilolijua. "Nilisema moyoni, nimsaidie. Halafu nikaona hakuna haraka. Pole, mke wangu. Lete nikubebee, umechoka."

Akanyoosha mikono. Ilikuwa mikono mikubwa yenye makovu ya mvuke, ya fundi wa vali kwenye mtambo wa umeme wa joto la ardhini, mikono ambayo Subilaga aliipenda kabla hajaupenda uso. Siku hiyo aliikwepa. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, na mumewe akamtabasamulia, wala hakuuliza kwa nini.

*

Asubuhi iliyofuata alimpeleka mumewe zahanati. Hakumwambia ni kwa ajili ya nini, na yeye hakuuliza. Kwa muda mrefu sasa Gwakisa alikuwa haulizi mambo.

Subilaga ndiye aliyekuwa msomaji wa vitulizo pale. Kazi hiyo aliisomea jioni kwa miaka miwili, akirudi nyumbani na daftari kifuani ili lisilowe. Kila wanandoa waliokuja kuandikisha ndoa katika wilaya ile walipewa vitulizo viwili, kila mmoja chake, kidude cha duara kama kifungo cha shati, kikipandikizwa chini ya ngozi ya mkono. Mpango huo ulianza baada ya miaka ya ukame mrefu, wakati nyumba zilipovunjika moja baada ya nyingine. Wakubwa waligundua kwamba watu hawakuwa wameacha kupendana. Walikuwa wamechoka tu, wamebanwa, na kila mmoja alikuwa analeta nyumbani hofu yake na kumtupia mwenzake.

Wateja wapya aliwaeleza hivi: "Juu ya figo zako kuna tezi mbili. Ukishtuka zinamwaga adrenali, moyo unakwenda mbio. Shida ikikaa, zinaendelea kumwaga kotisoli, na kotisoli ikikaa mwilini siku nyingi unakuwa mwepesi wa hasira, usingizi unakuruka, hata kuguswa na mwenzio hutaki. Mnaolala kitanda kimoja mnaambukizana hiyo hali. Sasa hiki kidude kinapima damu yako, na kinamsikiliza mwenzake aliye kwa mwenzio. Kikiona mmezidiwa kinatoa dawa kidogo ya kutuliza, na kidogo ya oksitosini, ile homoni ya kushikamana, ambayo mama anaitoa mwenyewe akinyonyesha."

Kwa sababu hiyohiyo, mjamzito na anayenyonyesha walizimiwa vyao. Dawa ingemfikia mtoto. Cha Subilaga kilikuwa kimezimwa tangu alipochukua mimba ya Atupele. Hasira zake zote, na machozi yake, na mapenzi yake ya mwaka mzima na nusu, vilikuwa vya kwake mwenyewe.

Gwakisa aliweka mkono juu ya meza ya kusomea. Subilaga alikuwa na mtoto mgongoni. Mistari miwili ikatokea kwenye kioo, mwekundu wa msongo na wa kijani wa dawa. Akairudisha hadi jana, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi.

Mstari mwekundu ulikuwa umesimama wima kama nguzo.

Akaukaribia. Akautazama tena. Saa ileile Atupele alipokabwa, mwili wa Gwakisa ulikuwa umepiga kelele. Adrenali ilipanda kama ya mtu anayekimbizwa na chui. Kabla mguu wake haujanyanyuka, mstari wa kijani uliufuata ule mwekundu, ukaukaba shingo, ukaushusha hadi chini. Subilaga akasoma tarakimu za dawa. Akazisoma mara tatu. Zilikuwa maradufu ya zile zilizoandikwa kwenye kadi yake.

"Nenda kapumzike nje kwenye benchi," alimwambia.

"Sawa," alisema Gwakisa, akaenda.

Ilimchukua muda mfupi kujua kosa liko wapi. Fomu ya kuzima kitulizo ilikuwa na hatua tano. Ya tatu ilisomeka: *Tenganisha wawili.* Ukizima kimoja bila kutenganisha, kile kinachobaki kinaendelea kumsikiliza mwenzake. Kisiposikia kitu, kinadhani mwenzake amezidiwa hadi ameshindwa kusema, na kinamimina dawa kwa niaba ya wawili.

Kisanduku cha hatua ya tatu kilikuwa kitupu, na chini yake ilikuwapo sahihi yake mwenyewe.

*

"Hiyo hatuijazi," alisema Mama Nsekela, mkuu wa zahanati, bila kuvua miwani. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, aliyezalisha nusu ya watoto wa kata. "Ulipokuja hapa mimi ndiye nilikufundisha usiijaze. Na mimi nilifundishwa na aliyenitangulia."

"Najua, Mama."

"Unakumbuka yule binti wa Kiwira? Siku ile nilijaribu kuifuata, nikamsomea kwa sauti, 'tunawatenganisha wewe na mumeo.' Ana tumbo la miezi mitatu! Akasimama akatoka. Mama mkwe wake akaja hapa na kanga kiunoni, anauliza nani kanituma kumwaga uchuro juu ya mimba ya mwanawe." Alitaka kucheka, lakini uso wa Subilaga ukamnyamazisha. "Tukaona ni maneno ya karatasi tu. Waliotengeneza hivi vidude wako mbali, hawajui ya watu."

"Haikuwa maneno, Mama. Ilikuwa kazi. Angalia."

Mama Nsekela akaangalia. Alikuwa anajua kusoma mistari kuliko mtu yeyote pale, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Miwani aliivua polepole.

"Wako wangapi?" aliuliza.

"Wenye wake wajawazito au wanaonyonyesha sasa hivi, arobaini na mmoja. Na Gwakisa mmoja wao."

"Mungu wangu." Akakaa. Nje ya dirisha mashine za kuchuma chai zilikuwa zinatambaa juu ya miteremko, kijani juu ya kijani. "Sikiliza, mwanangu. Tutawatenganisha wote leo hii, hapahapa mezani, kimya kimya. Watarudi kwenye dozi zao taratibu, wiki moja tu. Nani atajua? Watasema, siku hizi baba fulani amechangamka. Basi."

"Bila kuwaambia?"

"Uwaambie nini? Kwamba tuliwalewesha waume zao kwa sababu ya uchuro? Watavunja zahanati hii. Halafu hao mama watajifungulia wapi, barabarani?" Akashusha sauti. "Na wewe. Mumeo akijua ni mkono wako, utaishi naye vipi?"

Macho ya Subilaga yalikuwa kwenye kioo. Alikuwa ameshaanza kuirudisha mistari ya Gwakisa nyuma zaidi, miezi, mwaka, miaka mitatu, hadi siku ambayo hakutaka kuifikia na mkono wake ukaifikia wenyewe. Ilikuwa mimba yao ya kwanza, na wakati huo pia kitulizo cha Subilaga kilikuwa kimezimwa na kisanduku kimeachwa kitupu. Mtoto alitoka kimya. Kina mama wazee walimchukua, wakamvika, wakamzika migombani nyuma ya nyumba kama desturi inavyotaka. Mwanaume haoneshwi wala haulizi, maana inasemekana akiuliza anakirudisha kifo ndani. Subilaga alilia siku arobaini. Siku hizo zote Gwakisa alimletea uji, akamfunika shuka, akamtabasamulia. Chozi hata moja halikumtoka. Na kwa miaka mitatu Subilaga alikuwa amelificha neno moja kifuani, na kila alipokuwa amechoka lilimchoma: *huyu hakumpenda mwanangu.*

Kwenye kioo, siku ile, mstari mwekundu ulipanda hadi ukatoka nje ya kipimo. Ulishushwa. Ukapanda tena. Ulishushwa. Ulipanda usiku na mchana kwa siku kumi na saba, na kila ulipopanda ulikabwa, mpaka ukachoka ukalala.

Aliweka kiganja mdomoni ili asimwamshe mtoto.

"Nitamwambia," alisema. "Hao wengine tutakaa tuzungumze, Mama, lakini wangu nitamwambia leo. Dozi ya kwanza aliitilia sahihi. Hii ya pili hakuulizwa na mtu."

*

Alimwambia alasiri hiyo jikoni, kabla hajagusa chochote kwenye meza ya kusomea kule zahanati. Alimwambia yote, kisanduku, sahihi, uchuro, ndizi, na mtoto wa kwanza. Alikuwa amejiandaa kupigiwa kelele, kufukuzwa, kukaa kimya wiki nzima. Alikuwa hata ameweka nguo za Atupele kwenye mfuko.

Gwakisa alisikiliza hadi mwisho.

"Ah," alisema. "Ni kosa tu, mke wangu. Kila mtu hukosea."

"Hukasiriki?"

"Nikasirike kwa nini? Mbona niko vizuri." Akamwangalia kwa macho yale mapole. "Wewe ndiye unateseka. Unataka turekebishe?"

"Nataka wewe utake."

"Basi nataka," alisema, kwa namna ileile ambayo angesema anataka chai.

Hapo Subilaga akaelewa alichokifanya, na kikamwumiza kuliko kosa lenyewe. Alikuwa amejipa sifa njiani, eti ana ujasiri wa kusema kweli. Lakini amemwambia nani? Aliyepaswa kuumia hakuwamo. Ameungama mbele ya kiti kitupu, na kiti kimemsamehe. Hata ile "sawa" ya kurekebisha haikuwa ruhusa ya mtu. Kilichobaki ni kumrudishia mwenye nyumba funguo zake, halafu asimame mlangoni aseme tena kila kitu, safari hii mwenyewe akiwepo.

Kesho yake alijaza kisanduku cha tatu.

*

Siku ya kwanza hakuona tofauti. Siku ya pili Gwakisa aliamka kabla ya jogoo, akainama juu ya kitanda cha mtoto muda mrefu, mkono karibu na pua yake, akipima pumzi. Siku ya tatu alipiga simu kazini akauliza kama kuna mtu ameikagua vali ya kisima cha nne cha mvuke, maana amekumbuka ilikuwa inalia mwezi uliopita na yeye aliiacha. Alipokata simu mikono ilikuwa inamtetemeka. Aliitazama kwa mshangao.

Siku ya nne waligombana juu ya chumvi.

"Hii mboga mbona kama maji?"

"Chumvi iko hapo, jitilie."

"Nijitilie? Nimekuwa kisimani tangu alfajiri, nirudi nijitilie?"

"Kwani mimi nilikuwa nimelala, Gwakisa? Nina mtoto mgongoni, nina watu foleni hadi mlangoni!"

Wakanyamaza wote wawili kwa mpigo mmoja. Ulikuwa ugomvi wao wa kwanza baada ya miaka mingi. Subilaga alihisi hofu, na chini ya hofu kitu kingine kinamtekenya kifuani, akalazimika kuinama juu ya sufuria ili asionekane. Gwakisa aliichukua chumvi, akatia nyingi kupita kiasi, akaila hivyohivyo kwa kiburi.

Siku ya sita alirudi mapema. Mvua ilikuwa imekatika, na uani kulikuwa na jua lile dogo la milimani. Subilaga alikuwa anamnyonyesha Atupele kibarazani. Alimwona mumewe anavyokuja, mabega yamepanda, akajua wakati wenyewe ndio huu. Moyo ukaanza kumwenda mbio, na hapakuwa na kidude cha kuushika.

"Kaa, Baba Atupele. Kuna neno nilikuambia, nataka kulirudia."

"Nalikumbuka." Hakukaa. "Tangu jana nalikumbuka. Linakuja kama mtu anagonga mlango."

"Hata hivyo nitalirudia. Mimi ndiye niliyekiacha kile kisanduku. Mara mbili. Ya kwanza kwa mtoto wetu aliyetutoka, ya pili kwa huyu. Sikujua kitakufanya nini, lakini ilikuwa kazi yangu kujua. Nilikunyang'anya msiba wako. Halafu nikakuona hulii, nikakuchukia kwa kutolia. Miaka mitatu nimekuchukia kimoyomoyo, huku nakupakulia chakula."

Gwakisa alimkaribia hatua moja. Mshipa wa shingoni ulikuwa unacheza. Kisha aliuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumsikia akiliuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Subilaga alihisi maziwa yanamchuruzika, hakujali. "Wa kiume."

"Alifanana na nani?"

"Wewe. Hapa kwenye paji."

"Na mlinyamaza wote!" Sauti ikapasuka. Atupele akashtuka, akaachia ziwa, akalia. "Bibi zako, mama yangu, wewe! Nyumba nzima inajua mwanangu alikuwa na paji gani, isipokuwa mimi! Ukakaa unanitazama unasema moyoni, jiwe hili. Jiwe! Kwa nini hukunitikisa, Subilaga? Kwa nini hukunipiga hata kofi, ukaniuliza, wewe mwanaume, uko wapi?"

"Niliogopa utanijibu kwamba upo."

Gwakisa alimpa mgongo. Alizunguka uani mara moja, mara mbili, mikono kichwani. Aliipiga ngumi nguzo ya kibaraza, na mabati yakalia. Subilaga hakumwambia atulie. Neno hilo alikuwa ameapa hatalitumia tena katika nyumba ile.

"Nioneshe," alisema hatimaye.

"Wazee watasema..."

"Nioneshe, Mama Atupele."

Alimfunga mtoto mgongoni, akatangulia. Walipita nyuma ya jiko, wakaingia migombani, majani yaliyolowa yakiwagusa mabega. Hapakuwa na alama yoyote. Mwanamke anayejua tu ndiye angejua kwamba mgomba ule uliosimama peke yake ulipandwa na nani na kwa nini. Akaunyooshea kidole.

Gwakisa alipiga magoti kwenye majani makavu. Kwa muda hakufanya lolote, hata Subilaga akadhani labda zile siku kumi na saba zimekwisha, zimeliwa, haziwezi kurudi. Halafu mgongo wa mumewe ukaanza kutikisika. Ilianza polepole, bila sauti, kisha sauti ikaja, nzito, ya mtu asiyejua kulia kunafanywaje. Ilitoka mbali na haikuwa na haya.

Subilaga alisimama nyuma yake. Mkono wake ulinyanyuka kumgusa bega, akaurudisha. Hakujua kama ana haki hiyo tena. Alifikiri kuhusu wale wengine arobaini, na kuhusu Mama Nsekela, ambaye asubuhi ile alikuwa amemwita ofisini akasema, "Kesho tuanze kuwaita, wawili wawili, na mimi ndiye nitakayesema." Alifikiri kuhusu ile mifuko ya nguo ambayo wake zao watafunga. Mgongoni Atupele alikuwa amenyamaza, anamtazama baba yake kwa makini.

Akaona ampe nafasi. Alipogeuka jani kavu likavunjika chini ya mguu wake.

"Usiondoke," alisema Gwakisa, bila kuinua kichwa.

Subilaga akasimama.

"Nina hasira na wewe. Sijui zitaisha lini. Leo hata uso wako sitaki kuuona." Alivuta pumzi, ikakatika, akaivuta tena. "Lakini usiondoke."

Akakaa chini palepale nyuma yake, kwenye udongo uliolowa, mtoto mgongoni, akamsikiliza analia.